Bikira na Ungo

Bi Shamsa kafa, Mwenyezi Mungu amrehemu, nami nilikwenda msibani kwake Bawshar kwa sababu mbili, na kumlilia hakumo. Ya kwanza, nisingekwenda ningesemwa. Ya pili, nilitaka kuona kama ile picha yake bado iko ukutani. Ipo. Wameigeuza uso tu, kwa kuwa ukumbini panasomwa Qurani na malaika hawaingii penye sura ya mtu, jambo ambalo nyumba ile ililisahau miaka chungu nzima ikalikumbuka kwa siku tatu za msiba. Basi sisi wanawake tuliokaa chini na juzuu zetu mikononi tukawa tunatazamana na mgongo wa fremu. Juu ya mgongo ule pana karatasi iliyokwisha kuwa na rangi ya chai, na juu ya karatasi pana mwandiko wangu mimi: Bikira na Ungo. Mwandiko wa kujidai, wenye mikia mirefu, wa msichana wa miaka ishirini na mbili anayedhani kaijua dunia. Mke wa mjukuu wa marehemu, kitoto cha juzi, alikuwa akipita na dele la kahawa. Akainama akaniuliza polepole, "Hii nani kaandika, bibi?" Nikamwambia sijui. Hiyo "sijui" yangu nimeizoea. Nilianza kuisema humo humo ukumbini, mwaka wa tisini na sita.

Ya ukoo wetu nayaruka. Nani alizaliwa Unguja na nani Pemba, nani alifika Maskati na sanduku gani, hayo kila nyumba ya Waswahili hapa ina mtu wake wa kuyahadithia, na wala hangoji kuulizwa. Mwaka ule nilikuwa nakaa kwa Shangazi Asha, Khuwair ya Kusini, ghorofa ya pili juu ya duka la dobi, na hiyo inatosha. Nililala chumba kimoja na binti yake, Nunu. Vitanda viwili, kabati moja, kiyoyozi kilichokuwa kikikohoa usiku kucha, na nyuma ya mlango misumari miwili ya kutundikia mabuibui, wake na wangu. Langu lilikuwa jeusi la hivi hivi. La Nunu alilishonesha kwa fundi, mikono imetiwa tarizi ya uzi wa samawati, mtindo aliouchora mwenyewe, na alilivaa kwa mara ya kwanza siku aliyokwenda kuonwa na Bi Shamsa. Bi Shamsa alilishika mkono, akaligeuza geuza, akasema, "Hili sijaliona kwa mtu." Nunu akajibu kwa furaha, "Wala hutaliona, mama. Liko moja tu Maskati nzima." Mtu husema neno kama hilo kwa kucheka, kumbe anajifungia mlango.

Maana Nunu alikuwa kaposwa na Salim, mtoto wa Bi Shamsa, aliyekuwa ng'ambo akimalizia uhandisi. Salim alikuwa akipiga simu kila Ijumaa baada ya sala. Simu ilikuwa ukumbini, na Shangazi Asha alikuwa hana siku nyingine ya kuchagua mchele isipokuwa hiyo, wala mahali pengine isipokuwa pale pale kando ya simu. Kwa hiyo mazungumzo ya wapenzi yalikuwa hivi: "Ndiyo. Alhamdulillahi. Ndiyo. Wazima. Ndiyo." Kisha Nunu anaingia chumbani, anajitupa kitandani, anajifunika mto usoni na kucheka mpaka miguu inarukaruka. Alimpenda. Nalisema waziwazi kwa kuwa baadaye wanawake wazima walimjadili wakila vitumbua, wakamgeuza upande huu na upande ule, na hakuna hata mmoja aliyetaja kwamba yule mtoto alikuwa na moyo.

Mimi nilikuwa nafanya kazi kwa Bwana Saleh, aliyekuwa na duka la mapambo ya nyumba hapo hapo Khuwair. Vioo, maua ya plastiki, na picha za ukutani kutoka Ulaya, maana miaka ile watu walikuwa wakijenga majumba Bawshar kushindana, na ukuta mrefu mweupe unamtisha mwenye nyumba asiye na la kuweka. Bwana Saleh aliwahi kukaa Ulaya miaka miwili na hakupata kupona. Alikuwa akivaa kanzu yake na kofia yake kama watu, lakini akisimama mbele ya picha anakunja mkono mmoja mgongoni na kusema, "Sanaa, Rahma. Sanaa!" kama mtu anayemwita paka. Kazi yangu ilikuwa kuandika karatasi za kubandika nyuma ya picha, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, maana wateja wake wengi ni watu wetu. Alinipa kitabu kinene cha picha za Kizungu nikisome nipate cha kuandika. Saa za mchana, duka limefungwa na barabara nzima imelala, nilikuwa nakaa chini nyuma ya kaunta na mkate wa ufuta na chupa ya chai, nikakisoma kitabu kile kuanzia jalada mpaka jalada.

Humo ndimo nilimokutana na wale makuhani wa kike wa Roma. Sikuwahi kuona upuuzi uliovishwa nguo nzuri kiasi kile. Warumi, watu waliojenga barabara na mifereji ambayo mpaka leo ipo, waliamini kwamba salama ya dola yao yote imo baina ya mapaja ya wasichana sita. Walikuwa wakiwachukua wadogo, hawajang'oka meno ya utoto yote, wakawaweka kuchunga moto wa hekaluni miaka thelathini. Moto ukizimika, wanachapwa. Vita vikishindwa, badala ya kumuuliza jemadari alikuwa wapi, wanaulizwa wao walilala na nani. Na anayeonekana kakosa walimchimbia chumba chini ya ardhi, wakamtilia kitanda, taa, mkate kidogo, maji, maziwa na mafuta, wakamteremsha kwa ngazi, wakaivuta ngazi, wakafukia. Chakula walimwekea ili isije ikasemwa wamemuua. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu nyuma ya kaunta. Nikasema, ala, kumbe hawa ni watu wetu kabisa! Wanakuzika na sahani kando yako, almuradi lawama isiwapate.

Na wachoraji waliokuja baadaye ndio walinichefua zaidi. Mamia ya miaka imepita, Roma imekwisha, hekalu limekuwa mawe ya kukalia paka, wao bado wanachora bikira. Bikira na yungiyungi jeupe. Bikira katika bustani yenye ukuta na mlango uliotiwa kufuli, kama ghala. Bikira na farasi mwenye pembe moja, mnyama asiyekuwepo, ambaye eti hakamatiki mpaka aje alaze kichwa mapajani mwa msichana, na nyuma ya kichaka wawindaji wanangoja na mikuki. Kinyama cheupe, umbo kama nguchiro, kinachokubali kufa kuliko kuchafua manyoya yake. Ikafika hadi wake wa mabwana wakubwa, wengine na watoto wao na wengine na mahawara wao, wakijichoresha wamejitanda shela jeupe na kimoto kinawaka pembeni, ati nao ni makuhani. Malkia mmoja wa Kiingereza aliyekataa kuolewa alichorwa kashika chekecheke, na huyo peke yake namstahi kidogo, maana yeye chekecheke aliishika kwa faida yake mwenyewe.

Chekecheke ilitokana na hadithi ya mmoja wa wale makuhani. Alisingiziwa zina. Akasema nitawaonesha, akaichukua chekecheke ya unga, akashuka mtoni, akateka maji, akayabeba mpaka hekaluni na tone halikumwagika, ndipo wakamwacha hai. Kitabu kilisifia imani yake, kikasifia mchoro, kikasifia mikunjo ya shela. Nani alimsingizia hakikusema. Nilikipekua mbele na nyuma.

Mwaka ule ikaja shehena ya picha mpya na hiyo ikiwa ndani. Mwanamke mwenye nguo nyeupe mpaka vidoleni, kichwa kajitanda, kashika mbele ya kifua kitu cha mviringo chenye maji yanayometa. Nyuma yake mto, na kando ya mto wanawake watatu. Wawili wananong'onezana. Wa tatu kajivutia mtandio usoni, haonekani ila sikio. Nikaandika kwenye karatasi: "Bikira na Chekecheke." Bwana Saleh akasoma, akavua miwani.

"Rahma, chekecheke ni neno la jikoni. Nani atatundika chekecheke ukumbini kwake? Andika ungo. Ungo una heshima."

"Bwana Saleh, ungo hauna matundu. Ungo ukitia maji yanakaa. Sasa muujiza uko wapi?"

"Wewe unauza muujiza au unauza picha?"

"Na pia, samahani, ungo kwetu… yaani, kuvunja ungo…" Nikanyamaza. Mwanamume mtu mzima, mtu utamwambiaje?

"Andika ungo," akasema, na masikio yamemwiva. Nikaandika ungo. Nikatia na mikia mirefu.

Bi Shamsa alikuja dukani wiki ile ile. Alikuwa mwanamke mnene mweupe, mwenye sauti ya chini ambayo watu wote hunyamaza kuisikia, na alikuwa akitembea dukani akigusa kila kitu kwa kidole kimoja. Alitaka picha ya ukumbi wa wanawake, na alitaka ya mtu mwenye stara, maana picha nyingi za Bwana Saleh zilikuwa za wanawake waliosahau kuvaa. Alipomwona kuhani wetu akasimama. "Huyu kajitanda," akasema. "Huyu mwenzetu." Akaigeuza, akasoma karatasi yangu neno moja moja, akatabasamu. "Bikira na ungo. Ehee. Kaushika ungo wake mzima, hajauvunja."

Sasa, kuvunja ungo ni msichana kuingia damu yake ya kwanza, basi. Kila mwanamke hupitia, awe mwema awe mbovu, na Bi Shamsa alilijua hilo kuliko mimi. Lakini alikuwa na mtoto wa kuozesha na akili yake yote ilikuwa huko, akauchukua ungo wa watu akaufanya kitu kingine. Ningenyamaza, angeondoka na picha yake na ujinga wake, na mambo yangekwishia hapo. Lakini mimi nilikuwa nimesoma kitabu. Nikaona nimrekebishe. Nikamhadithia yote pale pale dukani: makuhani, moto, kaburi lenye taa, singizio, chekecheke, maji yasiyomwagika. Nilihadithia vizuri, nadhani, maana alisikiliza mdomo wazi, na nilipomaliza akapiga kofi dogo. "Subhanallah! Hata makafiri walikuwa na kipimo!" Mimi nilikuwa nimemhadithia dhuluma, yeye kasikia kipimo. Nikamdharau kimoyomoyo, na nikafurahi kwamba namdharau.

Karakana ya Bwana Saleh ilikuwa mtaa wa Ghala, baina ya magereji, na huko ndiko picha zilikotiwa fremu. Aliyetia fremu alikuwa Hamza, mtu wa Tanga, mrefu, mwenye vumbi la mbao kwenye kope na vanishi mikononi, aliyeniita dada na kusema Kiswahili cha bara kilichokuwa kinanichekesha. Jumatatu moja nilikwenda kubandika karatasi zangu. Siku hiyo nilivaa buibui la Nunu. Langu lilikuwa limelowa kwa dobi, lake lilikuwa limetundikwa, yeye kavaa koti lake jipya kazini wizarani, nami nikalichukua bila kumwuliza kwa sababu nililitaka. Jioni gari la Bwana Saleh halikuja kunichukua. Hamza alikuwa anapeleka picha ya Bi Shamsa Bawshar kwa pikapu, akasema, "Panda mbele, dada, nitakushusha njiani." Nikapanda. Tulisimama kununua sambusa, tukazila humo humo garini, akanitoa kibanzi cha mbao kidoleni kwa ncha ya kisu, taratibu sana, na mimi sikuurudisha mkono upesi. Hayo ndiyo madhambi yangu yote ya mwaka ule, na nimewajua watu walioyafanya makubwa zaidi wakiwa na tasbihi mkononi. Karibu na nyumba ya Bi Shamsa nikamwambia anishushe kwenye pembe, nisionekane. Nikashuka nacheka, yeye akanipa mkoba wangu dirishani. Nikachukua teksi mpaka Khuwair, nikalirudisha buibui msumarini. Nunu alikuwa kalala, tangu saa tisa alipotoka kazini.

Alhamisi ya wiki iliyofuata Bi Shamsa akatualika, Shangazi Asha, Nunu na mimi, chai ya alasiri. Tulijua kuna jambo tulipoingia, kwa kuwa chakula kilikuwa kingi mno. Mkate wa kumimina, vitumbua, sambusa, halua ya sinia nzima, na wanawake kumi na zaidi wa ukoo wao wamekaa kwenye mito kuzunguka ukuta, na juu yao yule kuhani kwenye fremu ya dhahabu ya Hamza. Bi Shamsa alingoja sote tumekunywa. Kisha akasema kwa ile sauti yake, "Nunu, mwanangu. Jumatatu ile, jioni, ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, mama. Nilikuwa nimelala."

"Nani alikuona?"

Shangazi Asha siku ile alikuwa Sib kumtazama mgonjwa. Nunu akasema, "Hakuwapo mtu. Kwani kuna nini?"

"Kuna jirani yangu, Bi Rukia huyu hapa, kaona msichana anashuka kwenye pikapu la mtu wa bara, hapo kwenye pembe, anacheka mpaka meno yote nje. Uso hakuupata sawasawa. Kapata buibui. Tarizi ya samawati. Liko moja tu Maskati nzima, nani kasema maneno hayo? Wewe mwenyewe, humu humu."

Nunu akanitazama. Hakunikazia macho, wala hakukunja uso, alinitazama tu. Mimi nikatazama kikombe changu. Kilikuwa na ua jekundu ndani, chini kabisa, lililofunikwa na machicha ya chai.

"Rahma," akasema Bi Shamsa, "wewe mnalala chumba kimoja. Hilo buibui lilitoka siku ile au halikutoka?"

"Sijui," nikasema. "Nilikuwa kazini. Sijui."

Nimejipa sababu nyingi tangu siku ile. Kwamba Hamza angefutiwa viza na kurudishwa kwao kesho yake. Kwamba Bwana Saleh angenifukuza. Kwamba Shangazi angekufa kwa aibu. Zote ni kweli na hakuna hata moja iliyokuwa kichwani mwangu wakati ule. Niliogopa wale wanawake waliokuwa wakitafuna. Mimi niliyewacheka Warumi wiki nzima nyuma ya kaunta, niliogopa wanawake wenye sukari mdomoni.

"Basi," akasema Bi Shamsa, "mie simtuhumu mtoto wa mtu. Nnataka midomo ifungwe. Bi Zeyana yupo chumba cha pili, mkunga wa siku nyingi, mnamjua. Dakika tano, khalas. Hata hao wa zamani," akaionesha picha kwa kidole chake kimoja, "hata hao walikuwa na kipimo chao, na mwenye haki hakukiogopa."

Shangazi Asha alianza kulia, na katika kulia kwake akasema, "Nenda, mwanangu, nenda tu, yaishe." Nunu akasimama. "Mie si mbuzi wa sikukuu, mama," akasema, "nipanuliwe mdomo niangaliwe meno." Akatoka. Tukadhani kakimbia. Akarudi kutoka jikoni kashika chekecheke ya unga mkono mmoja na jagi la maji mkono wa pili, na unga unadondoka nyuma yake juu ya zulia. Akapiga magoti mbele ya Bi Shamsa, kwa adabu kabisa, kama anayempa mkwewe maji ya kunawa.

"Hiyo hadithi Rahma katuhadithia na sisi nyumbani," akasema. "Ntabeba maji, mama. Ntayabeba mpaka Khuwair ukitaka. Lakini wewe ndiwe mkubwa, na mkubwa hutangulia. Bismillahi. Shika."

Mwanamke mmoja alicheka, akajiziba mdomo kwa mtandio. Bi Shamsa hakushika. Mikono aliiweka mapajani ikakaa hapo. Nunu alingoja, Mungu wangu, alingoja mpaka nikasikia saa ya ukutani. Kisha akainua jagi akayamimina maji yeye mwenyewe katika chekecheke, na maji yakapita moja kwa moja, na unga, yakaenda juu ya zulia la Kiajemi la Bi Shamsa. "Yamemwagika," akasema, akamgeukia Shangazi Asha. "Mama, twende zetu."

Posa ilivunjwa Jumamosi. Salim alipiga simu mara moja, Ijumaa iliyofuata, na Shangazi ndiye aliyeipokea, akamwambia Nunu kalala. Nunu alikuwa kasimama mlangoni anasikia. Salim hakupiga tena, na kwa hilo namweka fungu moja na wachoraji. Mwaka uliofuata akaoa msichana wa Sohar aliyekubali dakika tano za Bi Zeyana, na Bi Shamsa akaihadithia habari hiyo katika kila harusi, mbele ya msichana mwenyewe, kama mtu anayesifia tikiti maji alilopata sokoni. Hamza alirudi Tanga mkataba ulipokwisha, bila kujua lolote. Sisi nyumbani tuliendelea kulala chumba kimoja na kiyoyozi kinakohoa, na Nunu hakuniuliza neno. Siku moja tu, kabla ya mwezi kwisha, alilitungua lile buibui la samawati akanirushia kitandani. "Chukua," akasema. "Wewe unalipenda." Nikalichukua! Nikamshukuru! Nilidhani hataki kulitazama tena, nikaona nina bahati kuwa na binamu mkarimu.

Msimhurumie Nunu. Alijiendeleza kwa masomo ya jioni, leo ni mwalimu mkuu na walimu wanamwogopa. Aliolewa amekwishapita miaka thelathini, na mgane mmoja wa Khuwair anayecheka kila kitu, na mtoto wao wa kike yuko chuo kikuu. Lakini sijapata kumwona tena akijifunika mto usoni na kurusha miguu, na tumekaa pamoja miaka mingi.

Alikuja msibani siku ya tatu. Akasalimia, akachukua juzuu, akaja akakaa kando yangu, mbele ya ule mgongo wa fremu. Akausoma mwandiko wangu. Akageuza ukurasa wa juzuu bila kusoma.

"Mwandiko wako mzuri," akasema.

"Nunu…"

"Buibui langu lilirudi linanuka vanishi." Alisema hivyo hivyo, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu. "Nililivaa kesho yake kazini. Siku nzima nanusa mkono, nasema vanishi, mbona vanishi? Mie wizarani kwetu kuna vanishi gani, Rahma?"

"Kwa hiyo ulijua. Pale ulijua."

"Nilijua kabla hajamaliza kusema tarizi."

"Na hukusema! Ungesema tu, ni Rahma! Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe." Akaangalia kidogo upande wa ukuta. "Nikakungoja na jagi mkononi. Nikakungoja Ijumaa, simu ilipolia. Baadaye nikachoka."

Hakuna mtu aliyewahi kunidharau kwa sauti ya upole kiasi hicho, na nilistahili kila neno. Nikasimama. Wanawake wakainua vichwa, binti zake Bi Shamsa, wakweze, majirani, yule msichana wa Sohar ambaye sasa ana mvi na ndiye mama mwenye nyumba. Bi Rukia alikwishakufa zamani. "Jamaa," nikasema. "Mwandiko huu ni wangu. Na aliyeshuka kwenye pikapu ni mimi. Sio Nunu. Ni mimi nililivaa lile buibui."

Walitazamana. Mama mwenye nyumba akamwuliza jirani yake kwa Kiarabu nasema nini. Yule mke wa mjukuu akaliweka dele chini, akanishika kiwiko kwa huruma, kama anavyoshikwa mtu mzima aliyezidiwa na msiba.

"Pikapu gani, bibi?" akaniuliza.

Nikamtazama Nunu anisaidie. Alikuwa kainamia juzuu yake, anasoma.